Mkwaruzo wa Aurélie

Yangambi, 14 Aprili 2025

Florentine,

Sikusalimii. Nitakusalimia hasira ikiisha, na leo sioni mwisho wake.

Mohamadi wa baleinière, ile mashua ya mjini, amenikabidhi bahasha yako asubuhi hii, pale bandarini, mbele ya watu wote. Nilidhani ni dawa yangu ya presha. Nikaifungua, kikaanguka kitu cheusi kama kucha ya kidole gumba, na kikaratasi chako: "Papa, muziki wako wote umo humu ndani ya hii clé USB, diski zote mia moja arobaini na mbili. Sasa unaweza kutembea nazo mfukoni. Diski zenyewe nimezitoa nyumbani, zilikuwa zinajaza chumba." Nimezitoa nyumbani! Umeandika hivyo bila aibu, kama mtu aliyetoa maganda ya ndizi makemba.

Uliniuliza lini? Nilipostaafu nikaondoka Kisangani nilikuachia nyumba, mama yako na diski zangu, na kati ya vitu vitatu hivyo nilikuomba unitunzie kimoja tu.

Alors, ngoja nikufundishe, maana naona hakuna aliyekufundisha. Diski unaiona. Unaitoa kwenye jalada kwa vidole viwili, unapuliza vumbi, unashusha sindano, unakaa. Ukishakaa, unasikiliza, huna kazi nyingine. Upande mmoja ukiisha unasimama kuugeuza, na katika kusimama huko unapata nafasi ya kusema neno na mwenzako. Hiki kitu chako kinaimba toka asubuhi mpaka jioni kama redio ya kinyozi, na hakuna anayekisikia. Na nani alipiga gitaa? Nani alipiga tumba? Kwenye majalada yangu majina yote yapo. Mwalimu wa hapa jirani alichomeka clé yako kwenye kompyuta yake, tukasoma: Piste 01, Piste 02, Piste 03. Hao ni akina nani?

Miaka thelathini na moja nilibandika lebo kwenye majani makavu, kwanza kwenye hifadhi ya mimea, herbarium ya hapa Yangambi, halafu ile ya chuo kikuu huko mjini. Jani lisilo na lebo tulikuwa tunalitupa, hata likiwa zuri namna gani. Tarehe, mahali, nani alikuwepo. Ndiyo maana kila diski yangu nimeiandika hivyo hivyo nyuma ya jalada. Umekua ukiniona nikiandika, usijifanye hujui.

Tarehe 7 Juni ni misa ya dada yako Aurélie, miaka ishirini na tano tangu bomu limchukue katika vita ya siku sita ya Kisangani. Familia yote inakuja, hata kaka yangu Hugues anatoka Yanonge. Nilipanga baada ya misa tukae uani tupige diski alizozipenda. Sasa nitapiga nini? Kucha?

Niandikie ziko kwa nani. Usinipigie simu, nimeizima. Simu inakatika katikati ya neno na mtu anasingizia réseau, ati mtandao mbovu. Karatasi haikatiki.

Baba yako,
Alphonse Lokangu


Kisangani, 19 Aprili 2025

Papa mpendwa,

Mimi nakusalimia. Mama anaendelea. Tangu kile kiharusi cha Januari mkono wa kulia bado hauna nguvu, lakini mdomo unarudi polepole na jana alimgombeza muuza samaki mpaka mwisho wa sentensi. Hukuuliza, lakini nimeona nikuambie.

Unasema nilitoa diski ili nipate chumba. Ndiyo, nilitaka chumba. Nyumba hii uliyoniachia ina chumba kimoja kisichovuja, na ndani yake zilikuwa zinalala diski zako. Mama alikuwa analala kwenye kile cha nyuma, na beseni miguuni. Mganga wa hospitali aliposema mgonjwa asilale kwenye unyevu, nilisimama mlangoni nikaziangalia zile diski zimekaa pakavu kwenye rafu zao, nikapata hasira ambayo sijawahi kuipata. Bon. Mama sasa analala pakavu.

Na kwa kuwa umenifundisha, nami nikuambie ninayoyajua. Thelathini na kitu zilikuwa zimepinda kwa joto la bati, sindano inapanda na kushuka juu yake. Nyingine zimeota ukungu mweupe. Sindano Bilali aliitafuta wiki mbili, ikaja na ndege kutoka Kinshasa. Na umeme wa hapa unaujua: ukishuka, mwimbaji anageuka mzee katikati ya ubeti, ukipanda anakimbia kama anafukuzwa. Huo ndio muziki wako ulio hai.

Bilali, yule wa sokoni anayejaza watu nyimbo kwenye simu, ndiye aliyezihamisha. Usimtukane. Diski ya dakika arobaini inataka dakika arobaini, hakuna njia ya mkato, na yeye alizisikiliza zote, pande zote mbili, karibu miezi miwili. Alizipangusa kwa fulana yake mwenyewe. Sasa Mama ana spika ndogo ya betri kitandani. Anabonyeza kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, wimbo unaanza. Niambie, Papa, kwa mkono huo angeshusha sindano?

Tena diski zina kosa moja ambalo hukulitaja. Zinataka mlinzi, na sisi tulikuwa na mlinzi. Hatukukimbia sebuleni, sindano itaruka. Hatukucheka kwa nguvu, hatukufungua dirisha, vumbi litaingia. Siku Aurélie alipoikwaruza ile ya jalada jekundu ulimpigisha magoti juani, ukapiga kelele mpaka Mama Chantal akaja mbio kutoka avenue ya pili akidhani kuna msiba. Dada yangu alikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, nimesimuliwa tu, na bado nikiona diski nanyoosha mgongo.

Clé haikwaruziki. Mtoto anaweza kuiangusha, ukaiokota, mkaendelea kuishi.

Hazikuuzwa. Ziko mahali salama. Usiniulize zaidi kwa sasa.

Binti yako,
Florentine


Yangambi, 27 Aprili 2025

Florentine,

Nimesikiliza. Siku tatu nimekaa kwa mwalimu kama mgonjwa anayengoja majibu, kwa hiyo usiseme nahukumu bila kusikia.

Huyo Bilali wako amezipanga kwa alfabeti! Upande wa kwanza umetengana na wa pili, rumba ya mwaka wa sabini na moja imekaa karibu na kwaya ya Noeli. Bezi imekonda, haifiki tumboni. Ile pumzi ya sindano kabla wimbo haujaanza, pale mtu anapomeza mate na kujitayarisha, ameikata. Nyimbo zinaanza ghafla kama ugomvi.

Nitakubali jambo moja, nisije nikaitwa mtu mbaya. Nimesikia sauti ya pili katika wimbo mmoja, ya mwanamke, nyuma kabisa, ambayo sikuwahi kuisikia maisha yangu yote. Nilimwomba mwalimu aurudishe mara tatu. Bon, hilo nimempa Bilali.

Lakini kuna jingine ambalo silisamehe. Ule wimbo wa jalada jekundu. Miaka thelathini na mitatu sindano imeruka pale pale, ubeti wa pili, mwimbaji anarudia neno moja, anarudia, anarudia, mpaka mtu asimame auguse mkono wa sindano. Aliyekuwa anasimama ni Aurélie. Hakungoja kuambiwa. Alikuwa anacheka, anagusa kwa kidole, anarudi kukaa. Baada ya kifo chake niliuacha uruke, mara nyingine nusu saa nzima, na mama yako alitoka nje.

Sasa wimbo unapita moja kwa moja. Umepigwa lipu! Nani alimwambia Bilali afute? Ule mkwaruzo ni wa mtoto wangu. Hakuacha daftari wala picha isiyokuwa na ukungu, aliacha mkwaruzo, na nyinyi mmeusafisha kama doa la mafuta.

Na hiyo habari ya magoti usinirushie. Baba wa zamani alikuwa hivyo. Nilikuwa na sauti kubwa, sikuwa na fimbo.

Donc tusigombane. Baki na diski, mpe Bilali, mpe unayemtaka. Nirudishie majalada. Ukiona ni mzigo, nirudishie moja tu, lile jekundu. Usilifungue, usilisome. Lifunge kwenye gazeti, umpe Mohamadi mkononi. Na usimpe mama yako alishike, karatasi ni kuukuu, atalipasua.

Alphonse


Kisangani, 3 Mei 2025

Papa,

Unaogopa Mama atapasua karatasi. Mkono wa Mama haupasui hata mkate. Sema unaogopa atasoma.

Nimelisoma mwezi wa pili, siku ya kuhamisha kitanda. Nilikuwa nayapanga majalada kwa heshima, jua hilo, niliweka hata kitambaa chini. Nikageuza lile jekundu ili nione tarehe. Unajua mwandiko wako ulivyo safi, kila neno linasomeka. Nanakili, usije ukasema nimeongeza:

"Kisangani, darasa la tatu la parokia, 7/6/2000, saa nne asubuhi. Nimemtuma Aurélie nyumbani kuleta kasha la diski. Bomu limempata kwenye kona ya avenue. Waliokuwepo: mimi."

Nilikaa chini sakafuni. Mama aliniita mara mbili kutoka kile chumba chake cha beseni, nikaficha kwanza jalada chini ya godoro langu ndipo nikaenda.

Miaka ishirini na tano, Papa! Miaka ishirini na tano watu wote wa Yanonge wanajua kwamba mama yangu Julie alimtuma mtoto wake maji chini ya mabomu. Kwenye matanga Tonton Hugues alimshika mkono akamwinua kwenye mkeka wa wafiwa, mbele ya wamama wote, akamwambia aliyemtuma mtoto kufa hakai na wanaolia. Nilikuwa na miaka tisa, nilimshika kanga yake. Alikwenda kukaa jikoni na mimi, siku zote za matanga, akipikia watu ambao hawakula chakula chake. Na wewe ulikuwa umekaa kwenye huo mkeka. Nakukumbuka. Ulikuwa umeinama na kila mtu alikuonea huruma.

Tonton Hugues hajala kwa mkono wa Mama mpaka leo. Akija mjini Mama anamtwangia lituma ya ndizi, anaiweka mezani na samaki, na yeye anasema ameshiba, halafu anakwenda kula kwa Mama Chantal. Kila safari. Mama anakuja kufunika chakula.

Na hujui hili kwa sababu hukai hapa: Mama hajawahi tena kumtuma mtoto maji. Mimi nimekua sijatumwa bidon ya maji hata mara moja, wenzangu wote wa avenue walinionea wivu. Anachota mwenyewe. Mwezi wa tatu, na mkono wake mmoja, nilimkuta anaburuta bidon uani kwa kamba aliyoifunga kiunoni. Nikamwuliza kwa nini hakuniita. Akasema: "Mutoto hatumwi mayi."

Nikuambie ubora wa clé ni nini. Haina mgongo wa kuandikia. Ndiyo maana nimekupelekea muziki wako wote bila hata neno moja la mkono wako. Sikutaka kulala nyumba moja na maneno yale. Diski zote na majalada yote ziko kwa Bilali, ila hilo jekundu. Diski yake anayo yeye, jalada liko chini ya godoro langu.

Kabla ya misa utamwambia Tonton Hugues nani alimtuma Aurélie. Kwa mdomo au kwa barua, chagua. Usipomwambia, siku hiyo uani, baada ya misa, watu wakishakaa, nitasimama nisome lebo yako. Tarehe, mahali, nani alikuwepo.

Florentine


Yangambi, 10 Mei 2025

Wewe mtoto,

Unamwekea baba yako masharti? Unahesabu tarehe, unatisha, unanakili mwandiko wangu kama karani wa mahakama? Nimesoma barua yako nimesimama, nikaitupa, nikaiokota, nikaisoma tena. Mwalimu alikuja kuuliza kama nimefiwa.

Hukuona yaliyotokea katika lile darasa tulimojificha, ulikuwa umelala. Watu sitini ndani ya chumba cha watoto arobaini. Siku ya tatu mabomu yalinyamaza kidogo, na mtu akaja na habari kwamba nyumba za avenue yetu zinavunjwa. Mwanaume hakuweza kutoka, waliokuwa nje walikuwa wanakamatwa wabebe masanduku ya risasi. Msichana anapita. Nilimwambia aende mbio arudi mbio, ni avenue tatu. Wewe ungejua kwamba yataanza tena? Nani alijua?

Nilisikia lile bomu na nikajua. Nilitoka wa kwanza. Hakuweza kubeba kasha, ni zito, alikuwa amechukua moja tu, ile ya kwake yenye mkwaruzo. Alikuwa ameikumbatia. Mkono wa pili ulikuwa na bidon, sijui aliipata wapi. Nilichukua diski. Niliichomoa, nikaiingiza chini ya shati langu, na bidon nikaiacha. Halafu Hugues akafika, na wengine. Hugues akaona bidon akasema, "Ni Julie alimutuma mayi." Sikusema ndiyo. Sikiliza vizuri, Florentine: sikusema ndiyo. Nilinyamaza.

Na kwenye mkeka nilinyamaza tena. Ukishanyamaza mara ya kwanza, ya pili inakuja yenyewe.

Jioni ile niliandika kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kusemea. Padri? Padri alikuwa anazika. Maisha yangu yote nimeandika lebo, mkono uliandika wenyewe. Kama ningekuwa na clé zenu hizo mtoto wangu asingetumwa kitu, muziki wote ungekuwa mfukoni mwangu, nami ningekuwa mtu mwema. Umefurahi? Hapo umenishinda.

Lakini kusimama mbele ya Hugues na ukoo mzima nitangaze, hapana. Nina miaka sabini na sita. Lichome hilo jalada. Ukilisoma mbele ya watu usiniite tena papa, na siku nikifa usishuke mto kuja kunizika.

Alphonse Lokangu


Kisangani, 17 Mei 2025

Papa,

Naendelea kukuita hivyo, kwa sababu barua ndefu haiwezi kuanza bila jina.

Sikungoja misa. Alhamisi nilikaa kitandani kwa Mama nikamsomea jalada, halafu nikamsomea barua yako ya tarehe 10, yote, na matusi yake. Ilikuwa mchana, mvua imekatika. Nilitegemea atalia au ataanguka tena, nilikuwa na dawa yake mkononi. Alisikiliza akiangalia ukuta. Nilipofika pale pa kuchomoa diski aliniambia, "Soma tena hapo." Nikasoma tena.

Halafu aliomba wimbo. Nikaubonyeza kwenye spika. Ulipopita ubeti wa pili bila kuruka alisema, "Hapana. Ile ya mutoto." Nilikwenda mpaka sokoni kwa Bilali. Bilali alifunga kibanda saa nane ya mchana akabeba mashine na diski kichwani.

Ukasirike ukitaka. Mama ndiye ana neno na wewe sasa. Karatasi ya pili ni ya kwake. Alinisemea, nikaandika, akanikataza kunyoosha lugha yake.

Florentine


Kisangani, 17 Mei 2025

Alphonse,

Ni Florentine anaandika, lakini maneno ni ya mimi.

Mutoto alikuya kwangu mbele ya kutoka. Hukuona, ulikuwa unabishana na bapapa wengine kule mulangoni. Aliniambia: "Mama, papa ananituma diski. Mabomu imenyamaza kidogo. Niende?" Nilikuangalia weye. Nilijua nikikatala utapiga makelele mbele ya batu bote, utasema mimi njo nakuharibishia vitu, sawa ile siku ya mukwaruzo. Alors nilisema, "Enda mbio." Nilimupa bidon ili atuletee na mayi. Bidon ilitoka kwangu. Kama ulikuwa unajiuliza miaka yote hii, ilitoka kwangu.

Donc Hugues aliposema ni mimi nilimutuma, nilitafuta kinywa ya kukatala, sikupata. Nilikubali kutoka ku mukeka. Nilifikiri: ni kweli, nilisema enda.

Ile njo mambo yenye nilibeba. Lakini kama ulichomoa diski ku kifua ya mutoto na ukaniachia mimi bidon, ile haiko ya mabomu, haiko ya vita. Ile iko ya weye. Nilikasirika siku mbili, sikukula. Florentine aliona kasirani ya mutu wa kiharusi iko na nguvu.

Usiseme tena diski njo iliua. Siko na neno na diski. Bilali alileta ile moja, tukapiga, sindano ikaruka, hakuna mutu alisimama. Nililia muzuri. Ku clé wimbo inapita tu, ni muzuri kwa kila siku, mimi napenda, nabonyeza mwenyewe, sisumbue mutu. Ile diski iko ya siku moja. Ya tarehe saba. Tutalinda zote mbili, uache kusumbua mutoto wa batu na hii mambo ya alfabeti.

Miye na Aurélie tuliogopa makelele yako kupita mabomu. Unajua ile? Mabomu tulikuwa tunasikia ikiwa mbali. Weye ulikuwa karibu.

Kuya ku misa. Nitapika. Sema na Hugues, na usiseme kwa nguvu.

Julie


Yangambi, 24 Mei 2025

Kaka yangu Hugues,

Nimempa Mohamadi barua hii akuachie Yanonge akipita kwenda mjini. Nyingine kama hii, neno kwa neno, anaipeleka kwa Julie. Naomba uisome kwa sauti, mbele ya mke wako na wanao wakubwa, kabla hujapanda baleinière.

Tarehe 7 Juni 2000, saa nne asubuhi, mimi Alphonse nilimtuma Aurélie nyumbani kuleta diski zangu. Alipokufa alikuwa na diski moja kifuani na bidon mkononi. Niliichukua diski kabla hujafika, nikaificha chini ya shati. Uliponiona nimejikunja ukadhani ni uchungu, ilikuwa diski. Uliona bidon ukasema ni Julie. Nilinyamaza. Kwenye matanga ulimtoa Julie kwenye mkeka, nikakuangalia ukimtoa, nikanyamaza.

Julie atakuambia kwamba na yeye alimwambia mtoto nenda. Ni kweli. Alisema hivyo kwa sababu aliogopa kelele zangu, na mtoto alikwenda kwa sababu aliogopa kelele zangu. Juzi nimemwuliza mwalimu jirani kama mimi ni mtu wa kelele. Alicheka, halafu aliona siulizi kwa mchezo, akaangalia chini.

Sikuandikii ili unisamehe. Nakuandikia kuhusu chakula. Siku ya misa Julie atapika lituma. Ana mkono mmoja tu wenye nguvu, Florentine atamsaidia kutwanga. Atakuletea mwenyewe. Usiseme umeshiba. Ipokee kwa mikono miwili, ule mbele yake, uimalize, umwambie asante kwa jina lake.

Bilali wa sokoni atakuwepo na mashine yake, tutapiga diski moja. Itaruka kwenye ubeti wa pili. Ikiruka, watu wasishtuke, mimi nitasimama kuigusa.

Nitafika Kisangani tarehe 5. Wamama wakitandika mkeka, nitakaa mapema, na Julie atakaa pembeni yangu. Ukifika na bado unaona kuna mtu wa kuinuliwa pale, uniinue mimi.

Mdogo wako,
Alphonse